Moshi wa gari langu umepimwa ni safi, mbona bado naambiwa linamwaga hewa ukaa?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina gari dogo la petroli, injini ya 1.8, lina umri wa miaka kama kumi na mitano. Naendesha kilomita 40 kwa siku kwenda na kurudi kazini, karibu kila siku nikiwa peke yangu, na sehemu kubwa ya njia ni foleni. Hivi karibuni moshi ulipimwa, nikaambiwa uko safi kabisa. Lakini binti yangu wa sekondari hanipi nafasi: anasema gari letu linamwaga hewa ukaa, niliuze ninunue la umeme. Rafiki yangu anasema umeme wetu unatokana na makaa ya mawe na gesi, kwa hiyo nitakuwa nimehamisha moshi tu. Fundi anauza sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, anadai inapunguza hewa ukaa kwa nusu. Mwingine ananishauri nilibadilishe litumie gesi. Mwenyewe najitahidi: kwenye mteremko natoa gia, na chujio la hewa nabadilisha mapema kuliko inavyotakiwa. Nimsikilize nani, na nianze na lipi?"

Ndugu msomaji, nikupe kwanza jibu fupi. Binti yako yuko sahihi kuhusu tatizo. Rafiki yako ana nusu ya ukweli kuhusu umeme. Wa gesi ana hoja, ila ndogo kuliko anavyodhani. Mwenye sumaku hana kitu. Kwa hali uliyoieleza, pa kuanzia ni mguu wako wa kulia na vile viti vitupu unavyozunguka navyo kila asubuhi. Gari jipya linaweza kusubiri.

Sasa tuje kwenye kipimo cha moshi, maana hapo ndipo wengi hujichanganya. Kipimo kile kinatafuta sumu: kaboni monoksaidi, mafuta ambayo hayakuungua, na kwa magari ya dizeli, masizi. Hewa ukaa haimo kwenye orodha ya makosa. Haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachotoka kwenye gari barabarani haimkoholeshi mtu; ubaya wake ni kupasha dunia joto. Hebu itazame tena ile karatasi uliyopewa. Mashine nyingi za kupimia magari ya petroli huandika pia mstari wa CO2, yaani hewa ukaa yenyewe, na kwa injini nzima namba yake huwa karibu asilimia 14 au 15. Fundi akiiona iko juu anafurahi, kwani ni dalili kwamba mafuta yanaungua sawasawa. Yaani moshi unaoitwa safi ni naitrojeni iliyoingia na hewa, mvuke wa maji, na hewa ukaa tele. Gari lako limefaulu mtihani ambao somo la hewa ukaa halimo.

Hewa ukaa haiwezi kukosa kutoka, na sababu yake ni rahisi. Petroli kwa sehemu kubwa ni kaboni. Lita moja ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, na ndani yake kuna gramu 640 hivi za kaboni. Injini inapoiunguza, kila gramu 12 za kaboni hushika gramu 32 za oksijeni kutoka hewani na kuwa gramu 44 za hewa ukaa. Piga hesabu utakuta lita moja inazaa takriban kilo 2.3. Watu hushtuka: kitu kisichofika kilo moja kinatoaje zaidi ya kilo mbili? Uzito ule wa ziada ni oksijeni iliyovutwa njiani. Lita ya dizeli ni nzito kidogo zaidi, nayo hutoa karibu kilo 2.7.

Hata kile kifaa kilicho kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega, hakipunguzi hewa ukaa. Kazi yake ni kuichukua kaboni monoksaidi, ambayo inaua, na kuimalizia kuungua iwe hewa ukaa. Usije ukadanganywa ukitoe kwa hoja hiyo. Ukikitoa, hewa ukaa haitapungua kwa maana yoyote, na watu wa nyuma yako kwenye foleni watavuta sumu.

Kwa hiyo mita ya hewa ukaa ya gari lako ni pampu ya kituo cha mafuta. Jaza tangi hadi pampu ikatike yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida, jaza tena hadi ikatike, gawanya lita za mara ya pili kwa kilomita ulizotembea, kisha zidisha kwa 100. Gari la aina yako kwenye foleni likila lita 9 kwa kilomita 100, safari yako ya siku ni lita 3.6, sawa na kilo 8 na ushee. Kwa siku 250 za kazi unafika lita 900 na tani mbili za hewa ukaa. Yeyote atakayekuja na dawa, mwulize swali moja: lita ngapi zitapungua? Kama lita hazipungui, hewa ukaa haijapungua, hata akuonyeshe cheti chenye mhuri.

Kwa swali hilo sumaku inaanguka mapema. Ili ipunguze hewa ukaa kwa nusu, ingebidi gari litumie nusu ya mafuta, na muuzaji atakuambia hilo linatokea kwa sababu mafuta "yanaungua vizuri zaidi". Lakini karatasi yako ya kipimo imeshaonyesha kwamba mafuta ambayo hayakuungua ni kidogo mno. Hiyo nusu inayodaiwa kupotea haipo. Panapopotea nishati ni kwingine kabisa: sehemu kubwa ya joto la petroli hutoka kupitia bomba la moshi na rejeta, na kiasi cha robo tu, mjini hata chini ya hapo, ndicho husukuma magurudumu. Sumaku haiwezi kugusa hilo. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa mia moja vinavyodaiwa kubana mafuta, na halikupata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Vidonge vya kutia tangini na vifaa vya kutengeneza haidrojeni kwa maji na betri ya gari navyo vitilie shaka hiyohiyo. Hela yako iweke.

Na sasa niguse jitihada zako mwenyewe, na usinichukie. Kutoa gia kwenye mteremko ni mazoea ya zama za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Gari la umri wa lako karibu hakika lina nozeli, yaani vinyunyizi vya mafuta, zinazoongozwa na kompyuta. Unaposhuka ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ikiona hivyo inafunga nozeli, na matumizi yanakuwa sifuri mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya kusimama. Ukitoa gia, injini inaachana na magurudumu na haina wa kuizungusha, kwa hiyo lazima iunguze mafuta ili isizime. Umejinyima akiba, na kibaya zaidi umejinyima msaada wa injini kwenye breki. Mteremko mrefu na breki zilizochemka ni habari ya mochwari. Acha gari kwenye gia.

Chujio la hewa nalo ni hivyohivyo. Kwenye kabureta, chujio lililoziba lilifanya mchanganyiko uwe na mafuta mengi kuliko hewa. Kwenye nozeli, kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo. Chujio chafu litalifanya gari liwe zito kuchomoka, lakini kwenye matumizi tofauti ni ndogo. Fuata ratiba ya kitabu cha gari, basi.

Pesa ya ukaguzi ipeleke kwenye taa ya injini. Ikiwa inawaka kwenye dashibodi nawe umeizoea, nenda ikasomwe kwa mashine. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi na kuiarifu kompyuta, ikifa inaweza kuifanya kompyuta imwage mafuta kwa kubahatisha, na yapo magari ambayo matengenezo ya namna hiyo yamerudisha hadi asilimia 40 ya umbali kwa kila lita. Hilo ni tukio la hitilafu kubwa, si la kila gari. Matairi pia: pima upepo yakiwa ya baridi, angalau mara moja kwa mwezi, ukifuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake cha juu, si kipimo cha gari lako.

Hata hivyo, yote hayo ni madogo mbele ya mguu. Gari linapopata mwendo, mafuta uliyounguza yamegeuka kuwa nguvu ya mwendo. Ukikanyaga breki, nguvu hiyo yote inakuwa joto kwenye diski na kupotea hewani. Dereva wa foleni anayechomoka kwa fujo kisha akafunga breki mita thelathini mbele ananunua mwendo na kuutupa, ananunua na kuutupa, mpaka afike. Takwimu za wizara ya nishati ya Marekani zinaonyesha kwamba uendeshaji wa fujo hupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye barabara za kusimama na kuondoka, na asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu. Tiba yake ni macho. Tazama gari la tatu au la nne mbele yako, si taa za breki za anayekutangulia. Ukiona kundi linasimama, toa mguu mapema ulisogee taratibu. Mara nyingi utalikuta limeshaanza kuondoka kabla hujakanyaga breki. Mara ya kwanza abiria wako atasema unaendesha kama bibi harusi, lakini angalia saa ukifika: kwenye foleni dakika hazibadiliki.

Kwenye barabara kuu adui ni upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 90 hadi 120 kwa saa inakaribia kuongezeka maradufu, ingawa unawahi kufika kwa robo tu ya muda. Kama una keria juu ya paa na huitumii, ishushe. Na ukiona utasimama kwa zaidi ya nusu dakika hivi pasipo haja ya injini, izime. Injini ndogo inayounguruma bure inaweza kula nusu lita hadi lita nzima kwa saa, kutegemea kama kiyoyozi kinafanya kazi.

Ukishika haya kwa uaminifu, tuseme umepunguza asilimia 15. Tani mbili zimekuwa moja na saba. Ni kazi nzuri, ila bado hujafika kwenye fungu kubwa, nalo ni viti.

Gari lako lina tani moja na zaidi, wewe una kilo sabini au themanini. Karibu mafuta yote yanabeba bati. Jirani mmoja anayekwenda upande wenu akiingia na gari lake akaliacha nyumbani, hewa ukaa ya kila mmoja imekatika karibu nusu siku hiyohiyo, bila kununua spana. Basi la dizeli linaweza kula lita 35 kwa kilomita 100, lakini likiwa na abiria hamsini, fungu la kila mmoja ni lita 0.7. Wewe peke yako unatumia 9. Nikiri upande wa pili: basi lenye abiria wanne halina ubora huo, na siwezi kukuambia upande basi ambalo halipiti kwenu au halina usalama usiku. Kama kazi yako inaruhusu siku moja kati ya tano kufanyia nyumbani, hiyo peke yake ni asilimia 20, zaidi ya yote niliyosema kuhusu mguu. Na zile safari za kilomita moja au mbili kwenda dukani zina ubaya wa pekee, kwa kuwa injini ya baridi hula zaidi na masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto.

Turudi kwa rafiki yako na umeme wa makaa ya mawe. Hesabu yake tuifanye kwa uwazi. Gari lako kwa kilomita 100 linatoa kilo 21 hivi kwenye bomba. Ongeza uchimbaji, usafishaji na usafirishaji wa mafuta, ambao huongeza kama sehemu ya tano au robo, tufike kilo 25. Gari dogo la umeme linahitaji karibu kilowati-saa 20, yaani yuniti 20, kutoka kwenye gridi (mtandao wa umeme) kwa umbali huohuo, pamoja na upotevu wa kuchaji. Umeme wa makaa ya mawe matupu hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo ni kilo 20. Hapo rafiki yako karibu anashinda. Wa gesi asilia hutoa chini ya nusu ya huo, tuseme kilo 9. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unakupa kilo 14 au 15. Wa maji, upepo au jua hauzidi kilo moja hivi, hata ukihesabu ujenzi wa mitambo. Ndiyo maana Norwei, ambako karibu umeme wote ni wa maji na upepo, hoja ya rafiki yako haina pa kusimama. Mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyosajiliwa huko yalikuwa ya umeme.

Sababu ya hata gridi chafu kutoshindwa vibaya ni kwamba mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya nishati ya betri kusukuma magurudumu, na unapopunguza mwendo inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu betrini. Foleni inayoliadhibu gari lako inalipendelea la umeme. Zaidi ya hapo, gridi inaweza kusafishwa gari likiwa tayari barabarani: mtambo mmoja wa makaa ukifungwa, magari yote yanayochaji hapo yamekuwa safi zaidi siku hiyo. Petroli itabaki na kaboni yake ileile.

Lakini rafiki yako angekuwa na hoja kali zaidi kama angetaja betri. Kutengeneza betri ya kilowati-saa 50 kunaweza kugharimu tani 3 hadi 5 za hewa ukaa kabla gari halijatembea hata mita moja. Wewe unaendesha kama kilomita 10,000 za kazi kwa mwaka. Kwenye gridi ya nusu makaa nusu gesi utaokoa karibu tani moja kwa mwaka, hivyo itakuchukua miaka mitatu hadi mitano kulipa deni la betri pekee. Kwenye gridi safi ni miaka miwili au chini. Deni linalipika, ila halikuhimizi kuuza gari zima linalofanya kazi leo. Ukiliuza, kumbuka pia, halipotei. Mtu mwingine ataliendesha.

Ningekuwa mimi, ningelitunza hili mpaka matengenezo yaanze kuuma, huku nikikusanya akiba ya la umeme, jipya au lililotumika. Kama hapo utakuwa bado huna mahali pa kuchajia, haibridi ya kawaida, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, inafaa sana kwa dereva wa foleni. Haibridi ya kuchomeka kwenye umeme inunue tu kama kweli utaichomeka. Wengi hawachomeki, wanabaki kuzunguka na betri nzito na kuunguza petroli.

Gesi sasa. Kwa kazi ileile, gesi asilia iliyoshindiliwa hutoa hewa ukaa pungufu kwa kama robo ikilinganishwa na petroli; gesi ya mitungi ile ya kimiminika, pungufu kwa kama sehemu ya kumi. Faida hiyo ni ya kweli kwenye bomba la moshi. Tatizo ni kuvuja. Gesi asilia ni methani, na methani kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto karibu mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Ikivuja asilimia chache tu kuanzia kisimani hadi kwenye mtungi wako, faida yote imeliwa. Kwa hiyo badilisha kama hesabu ya mfuko wako inakubali, lakini usimwambie binti yako kwamba umetatua alichokusema. Usafiri hutoa karibu robo ya hewa ukaa yote inayotokana na nishati duniani, na barabara hubeba takriban asilimia 70 ya hiyo, na fungu kubwa namna hiyo halishuki kwa kuhama kutoka mafuta haya kwenda yale yanayofanana nayo.

Mengine usiyafanye kwa kusoma tu. Mtungi wa gesi asilia hubeba shinikizo la baa 200, kwa hiyo ufungwe na karakana yenye leseni, ukaguliwe kwa ratiba, na ukisikia harufu ya gesi ndani ya gari simama, toka, usiwashe chochote, piga simu kwa waliofunga. Gari likitetemeka, likitoa moshi wa bluu au mweusi, au likibadilisha ghafla matumizi ya mafuta, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, wala usiongeze dawa tangini. Siku ukifika kwenye la umeme lililotumika, usilipie kabla fundi wa magari ya umeme hajakupa kwa maandishi asilimia ya uwezo uliobaki wa betri. Na kabla ya kulichaji nyumbani, mwite fundi umeme aliyesajiliwa apime waya na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini). Soketi iliyozoea pasi ya nusu saa haijawahi kubeba mzigo huo kwa saa nane mfululizo, na waya wa kuunganisha uliopitishwa dirishani usiutumie hata kwa usiku mmoja.